Kununua theodolaiti ya zamani kwenye mnada wa mtandaoni ukiwa Uganda: mwongozo kamili ili usipigwe

Maswali ninayoletewa ni yaleyale kila mara. Mmoja kanunua theodolaiti (kifaa cha wapima ardhi cha kupimia pembe) nzuri kabisa kutoka Ujerumani alafu anagundua duara lake halijagawanywa mara 360 za digrii, limegawanywa mara 400. Mwingine mashine imefika salama lakini haikai kwenye tripodi yoyote aliyonayo. Wa tatu anapigiwa simu na watu wa kuria wanamtajia kodi na gharama zinazokaribia bei aliyonunulia. Wote watatu kosa lilifanyika kabla hata mnada haujafungwa, kwa hiyo mwongozo huu utakaa sana huko mwanzoni.

Ninaongea na mtu anayetaka theodolaiti au levo ya macho, ile isiyo na betri, iwe ni ya kufundishia wanafunzi, ya kujifunzia, ya kuweka ofisini ama ya kukusanya tu kwa mapenzi. Kama nia yako ni kupima kiwanja kwa ajili ya hati, hiyo ni kazi ya surveyor aliyesajiliwa na vifaa vyake vya kisasa, usiende mnadani kwa sababu hiyo.

## Vitu vya kuwa navyo kwanza

- TIN yako (namba ya mlipakodi) ya URA, mamlaka ya mapato ya Uganda, manake bila hiyo mzigo hautoki forodhani.
- Kadi ya Visa au Mastercard inayokubali kulipa nje kwa dola, na uhakikishe benki imefungua malipo ya mtandaoni na limiti inatosha.
- Agenti wa kliaringi (wa kukutolea mzigo forodhani) unayemjua kwa jina, anayefanya kazi Entebbe, na uwe umeshaongea naye kabla.
- Bei ya usafiri kwa maandishi.
- Tripodi uliyonayo au unayojua utaipata wapi, pamoja na kipimo cha skrubu yake.
- Uwanja wazi wa mita sitini hivi, vigingi viwili na fimbo ya kusomea yenye alama za vipimo, hivi ni vya siku mashine ikifika.

## Hatua ya 1: Amua unataka ipi, usiende na "yoyote nzuri"

Kuna makundi matatu ya kujua. La kwanza ni zile za shaba zenye vernia (kipimo kidogo cha kusomea vipande vya digrii), unasoma kwa kikuza kidogo pembeni ya duara, nyingi zinasoma hadi sekunde 20 au dakika nzima, za pembe, sio za saa. Ni nzuri kwa macho na kwa kufundishia, kwa sababu mwanafunzi anaona kila kitu kiko nje.

La pili ni za macho zenye duara la kioo ndani, unasoma kupitia hadubini ndogo kando ya darubini. Hapa ndipo utakutana na Wild T2 ya Uswisi, inayosoma hadi sekunde moja, na ndugu zake T1 na T16 ambazo ni rahisi zaidi kusoma, kuna Kern DKM2, kuna Zeiss Jena Theo 010 na Theo 020. La tatu ni levo tu, haipimi pembe kwa kina, ni ya kupima juu na chini, na kwa mtu anayeanza ndiyo yenye vitu vichache vya kuharibika.

Majina yanakusaidia kujua umri. Ukiona "Troughton & Simms" peke yake au "T. Cooke & Sons" peke yake, mashine ni ya kabla ya muungano wao wa 1922, na ukiona "Cooke, Troughton & Simms" ni ya baada ya hapo. "Hilger & Watts" ni ya kuanzia 1948. Muuzaji akikuandikia kwamba Hilger & Watts yake ni ya miaka ya 1800, ujue hajui anachouza au anajua vizuri sana.

Tahadhari: kuna shaba nyingi zinazong'aa kama dhahabu zenye maandishi "Stanley London" na mwaka, ambazo zinatengenezwa India siku hizi kwa mapambo ya mezani. Stanley wa kweli alikuwepo London na vifaa vyake vipo mnadani, lakini hizi za mapambo hazina siriali namba ya maana, mistari ya duara ni minene na haina vernia inayosomeka, na skrubu zake ni mpya. Kama unataka pambo, sawa, nunua. Ila usilipe bei ya kifaa.

Utajua umefanikiwa ukiweza kusema kwa sentensi moja: nataka T16 ya digrii, yenye kesi yake, inayozunguka vizuri.

## Hatua ya 2: Piga hesabu ya jumla kabla hujaipenda

Bei unayoiona kwenye skrini ni ya kuanzia maumivu tu. Andika kwenye karatasi: bei ya mnada, ada ya mnunuzi, usafiri hadi Entebbe, kodi, agenti, na kitu cha pembeni cha matengenezo.

Ada ya mnunuzi ndiyo inayowashika wengi. Kwenye eBay haipo kwa kawaida, lakini kwenye majumba ya minada ya Uingereza ipo, na inaongezwa juu ya bei ya nyundo, yaani bei uliyoshindia. Tuseme umeshinda kwa pauni 200 na ada ni asilimia 25: hiyo ni 50 zaidi, alafu VAT ya Uingereza ya asilimia 20 juu ya hiyo 50, yaani 10. Umefika 260 na bado mtandao uliobidia (uliowekea dau) unaweza kuongeza asilimia zake. Soma masharti ya kila mnada kwa sababu asilimia hazifanani.

Kwa upande wetu, VAT ni asilimia 18, kuna kodi ya zuio ya asilimia 6 kwa mizigo inayoingia, na tozo ya miundombinu ya asilimia 1.5 kwenye bidhaa nyingi. Hapo bado hatujataja ushuru wenyewe. Vifaa vya upimaji viko kwenye kifungu cha forodha namba 9015, na vitu vya kale vyenye umri wa zaidi ya miaka 100 vina kifungu chao, 9706. Mpe agenti namba hizo zote mbili pamoja na picha, akurudishie hesabu kwa maandishi, na umuulize pia kama UNBS, shirika la viwango la Uganda, watahitaji chochote. Agenti anayekujibu "usijali boss tutaona huko huko" mtafute mwingine.

Sasa tripodi. Makuria wanatoza kwa uzito au kwa ukubwa wa boksi, chochote kilicho kikubwa, na hesabu yao ya kawaida ni urefu mara upana mara kimo kwa sentimita, gawanya kwa 5000. Boksi la tripodi la sentimita 110 kwa 25 kwa 25 linatoka kilo 13.75 kwenye karatasi hata kama ndani kuna mbao za kilo saba. Ndiyo maana mimi huwa nasema mashine inunuliwe nje, tripodi itafutwe hapa hapa Kampala. Isipokuwa Kern: hiyo ina kichwa chake cha tripodi cha peke yake, ukikuta inauzwa bila tripodi jua utahangaika.

Tripodi za siku hizi zina skrubu ya inchi 5/8 yenye nyuzi 11 kwa inchi. Mashine za zamani za Marekani, Gurley na K&E kwa mfano, mara nyingi zinajifunga zenyewe kwenye kichwa kikubwa cha inchi tatu na nusu chenye nyuzi 8. Sio mwisho wa dunia, turna (fundi wa kuchonga vyuma) mzuri wa Katwe, Kampala, anaweza kukuchongea adapta ya shaba ukimpelekea mashine yenyewe na tripodi yenyewe (sio picha, sio vipimo ulivyoandikiwa na muuzaji), lakini gharama hiyo nayo iwe kwenye karatasi yako.

Utajua umefanikiwa ukiwa na namba moja ya mwisho, na ukiirudisha nyuma unapata dau lako la juu kabisa. Hilo dau liandike, tutalihitaji.

## Hatua ya 3: Soma picha kuliko maneno

Maneno ya muuzaji ni machache na yanafanana. "Untested" kwenye theodolaiti isiyo na umeme ni kichekesho, hakuna cha kutest isipokuwa kuizungusha na kuchungulia, kwa hiyo ukiona neno hilo chukulia kwamba amezungusha na imegoma. "For parts" maana yake ni spea, usijidanganye.

Picha ndiyo kila kitu. Ifungue kwenye kompyuta, sio kwenye simu, ikuze hadi uone vumbi.

Lenzi. Tafuta utando mweupe wenye matawi matawi, huo ni ukungu wa fangasi, na kwa unyevu wetu wa kandokando ya ziwa hautapona wenyewe, utaongezeka. Doa la rangi rangi kama mafuta juu ya maji pembezoni mwa lenzi ni gundi ya kati ya vioo viwili inayoachia. Fangasi kidogo nje ya lenzi inafutika, ndani ni kazi ya fundi wa macho.

Pimamaji. Lazima uone povu. Kioo kikiwa hakina povu kabisa au kina povu kubwa la kujaza nusu ya bomba, kimevunjika na kimiminika kimevuja. Povu kuwa fupi au refu kidogo sio tatizo, joto likipanda kimiminika kinavimba na povu linapungua, kwa hiyo povu refu la picha ya baridi ya Scotland litakuwa fupi likifika hapa.

Skrubu. Hesabu skrubu tatu za miguu, alafu za kukaza na za kusogeza taratibu. Iliyopinda inaonekana ukilinganisha pengo la kila mguu. Angalia pia vichwa vya skrubu ndogo ndogo, vikiwa vimechunika ujue mtu ameshafungua humo ndani na bisibisi ya jikoni.

Duara. Hapa ndipo 400 inapojificha. Mashine nyingi za Ulaya bara zilitengenezwa kwa gradi, duara zima ni 400 na pembe mraba ni 100. Sisi tunafanya kazi kwa digrii. Ukiona namba yoyote juu ya 360, ni gradi, ondoka. Lakini picha inaweza kuonyesha 215 ambayo haikuambii kitu, na hapo kuna ujanja: kwenye hizi za macho, darubini ikilala sawa na upeo, duara la wima linasoma karibu na 90 au 270 kama ni digrii, na karibu na 100 au 300 kama ni gradi. Omba picha hiyo moja tu na swali limekwisha.

Kitu kimoja ambacho sio kosa: picha kwenye darubini za zamani huwa juu chini. Zilitengenezwa hivyo. Kuna watu wamerudisha mashine nzima kwa sababu hiyo.

## Hatua ya 4: Muulize muuzaji maswali matano mafupi

Andika kwa adabu na kwa ufupi, mara nyingi muuzaji ni mtu aliyenunua vitu vya nyumba ya marehemu na hajui kifaa ni cha nini. Usimuulize "is it accurate", atasema ndiyo. Muulize anachoweza kukifanya kwa mikono:

1. Ukilegeza skrubu za kukaza, inazunguka kwa kidole kimoja mviringo mzima, na darubini nayo inapinduka?
2. Skrubu za kusogeza taratibu zinasogeza pande zote mbili?
3. Ukichungulia dirishani, unaona msalaba mweusi wa nyuzi na picha inakuwa safi ukizungusha fokasi?
4. Fungua kile kioo kidogo cha pembeni kielekee mwanga, weka kamera ya simu kwenye hadubini, nipigie picha ya namba.
5. Kesi inafungika, na mashine inakaa ndani bila kuchezacheza?

Swali la kwanza ndilo zito kuliko yote. Mashine za Wild zilizokaa stoo miaka mingi grisi yake inaganda kama gundi na mhimili unakuwa mgumu. Inatibika, lakini ni kufungua, kusafisha na kupaka upya na mtu anayejua, na T2 sio kitu cha kumpa fundi wa saa akajaribu bahati. Ikiwa muuzaji anasema "it's a bit stiff", shusha dau lako au acha.

Kama ni dira ya kijeshi unayoitazama badala ya theodolaiti, uliza kuhusu rangi inayong'aa gizani. Nyingi za enzi za vita zilipakwa radiamu, na kitu chenye mionzi usikipandishe ndege kimyakimya wala usikifungue kukisafisha.

Utajua umefanikiwa muuzaji akirudisha picha. Asiyejibu ndani ya siku mbili tatu wakati mnada bado upo, hata kufungasha atafungasha hivyo hivyo.

## Hatua ya 5: Angalia mzigo utapita njia gani

Kuna njia mbili. Muuzaji atume moja kwa moja Uganda, ama atume kwenye anwani ya kampuni ya kupokelea mizigo Uingereza au Marekani, na wao wakuletee Kampala. Ya pili mara nyingi ni rahisi kwa bei, lakini jua unachopoteza. Ulinzi wa mnunuzi wa eBay kwa kawaida unafika mpaka ile anwani ya kwanza, mzigo ukishatumwa tena kwenda kwingine, ukifika umevunjika ni wewe na kampuni yako ya mizigo. Kwa hiyo ukitumia njia hii lipia huduma ya kufungua boksi na kupiga picha huko huko ghalani, kama wanayo.

Majumba ya minada ya zamani ni tofauti tena: vitu vinauzwa "as seen", yaani ulivyoviona ndivyo vilivyo, na wengi hawafungashi wala hawatumi. Unatafuta mtu wa kwenda kuchukua. Uliza kabla ya kubidi, sio baada.

## Hatua ya 6: Weka dau

Fuatilia kwanza vilivyouzwa, kuna kichujio cha kuonyesha vilivyokwisha kuuzwa na bei ya kweli iliyolipwa. Bei anazoomba muuzaji sio bei, ni ndoto.

Kwenye eBay unaweka dau lako la juu na mfumo unakupandishia kidogo kidogo dhidi ya wengine mpaka lifike hapo. Wengi wanaharibu kwa kuweka dau dogo siku ya kwanza, wanapitwa, wanakasirika, wanapandisha, wanapitwa tena, na mwisho wamelipa kuliko ile namba ya kwenye karatasi. Weka mara moja, sekunde za mwisho, ile namba ya Hatua ya 2, na iwe namba yenye mkia, 183 badala ya 180, kwa sababu wengi wanaishia kwenye namba za mviringo.

Angalia saa. Mnada wa New York unaofungwa Jumapili saa moja jioni yao ni saa tisa usiku wa kuamkia Jumatatu kwetu wakati wa baridi yao, na saa nane usiku wakati wa kiangazi. Wa Uingereza ni tofauti ya saa tatu au mbili. Kama huamki, tumia programu ya kubidi kwa niaba yako, na kama umeme na bando la kwako ni la kusuasua, itumie hata ukiwa macho.

Tahadhari: mitandao mingine ya minada inaongeza dakika kila mtu anapobidi mwishoni, huko hila ya sekunde za mwisho haifanyi kazi. Na ukishinda, umenunua. Huko hakuna "nilikuwa najaribu".

## Hatua ya 7: Lipa, alafu msimamie kufungasha

Lipa ndani ya mtandao wa mnada peke yake. Anayekuomba umtumie kwa Western Union ili akupunguzie, mripoti.

Maelekezo ya kufungasha mwandikie hivi: mashine ndani ya kesi yake, kesi ndani ya boksi, boksi ndani ya boksi jingine, na mto wa angalau inchi mbili kila upande. Timazi na funguo vitolewe kwenye kesi na kufungwa peke yake, manake kipande cha shaba cha nusu kilo kikiruka ruka ndani ya kesi kutoka Manchester hadi Entebbe kitakutana na lenzi tu. Kama ni kesi ya mbao, apige picha ya jinsi mashine inavyokaa ndani, zina mkao mmoja tu na ukilazimisha mwingine unapinda kitu.

Usimwombe aandike "gift" au bei ya uongo. URA wanaweza kuikataa thamani hiyo na kuweka yao, na bima italipa kile kilichoandikwa.

## Hatua ya 8: Entebbe

Tuma kwa agenti siku ile ile mzigo unapoondoka: invoisi, ushahidi wa malipo, namba ya ufuatiliaji, TIN, na picha. Invoisi iseme wazi ni kifaa cha zamani cha macho cha kupimia, hakina betri, na iandike mwaka kama unajulikana. Mzigo unaokaa ghalani unaanza kula gharama za kuhifadhiwa, na nyingi ya siku hizo huwa zinapotea kwa kutafuta karatasi ambayo ipo kwenye simu yako.

Kodi lipa kwa namba ya malipo inayotoka kwenye mfumo wa URA, sio mkononi mwa mtu.

## Hatua ya 9: Ifungue na uipime kabla muda wa kulalamika haujapita

eBay kwa kawaida wanakupa siku 30 tangu kupokea. Rekodi video ukifungua boksi. Alafu iache mashine ndani ya chumba masaa kadhaa izoee joto kabla ya kuigusa.

Pimamaji: panga bomba sambamba na skrubu mbili za miguu, leta povu katikati, geuza digrii 90 urekebishe na skrubu ya tatu, rudi ulipoanza, kisha geuza digrii 180. Povu likibaki katikati, safi. Likihama, nusu ya kuhama kwake ndiyo kosa: rudisha nusu kwa skrubu za miguu na nusu kwa skrubu ndogo za bomba lenyewe, ila hizo ndogo usiziguse mpaka umalize vipimo vyote na umeamua kubaki na mashine.

Darubini: lenga kitu chenye ncha umbali wa mita mia hivi, minara ya simu inafaa sana, soma, pindua darubini, geuza na ulenge tena. Masomo mawili yanatakiwa kutofautiana digrii 180. Yakizidi au kupungua sekunde kadhaa usiogope, wastani wa masomo mawili unalifuta kosa hilo. Kinachotisha ni kosa lisilotulia, leo ni sekunde 30, ukirudia ni dakika mbili za pembe, hapo kuna kitu kimelegea au mhimili umepigwa.

Kama ni levo: vigingi viwili mita sitini, simama katikati kabisa, soma fimbo kote kuwili na upate tofauti ya kimo. Tofauti hiyo ni ya kweli hata levo ikiwa mbovu kwa sababu umbali ni sawa na makosa yanafutana. Sasa hamia karibu na kigingi kimoja, mita tatu hivi, usome tena vyote viwili. Tofauti ikibadilika kwa zaidi ya milimita tatu nne, inahitaji kurekebishwa.

Ukikuta kosa kubwa ambalo halikutajwa, fungua malalamiko siku hiyo hiyo na video yako, usianze kwa kuitengeneza, ukishagusa skrubu moja ya marekebisho hoja yako imekufa.

Ikiwa imepita, weka mifuko ya silika jeli kwenye kesi na uikaushe au kuibadilisha mara kwa mara, hasa misimu ya mvua, na kesi isikae chini kwenye sementi. Shaba usiisugue na Brasso. Ile rangi ya kahawia ni vanishi ya kiwandani na ndiyo wanunuzi wanaitafuta, ukiisugua imekwenda, pamoja na mistari ya vernia.